Je, Wajua? Kuna Anayeona Namba kwa Rangi!

Je, wajua kuna mtu aliyetaja tarakimu 22,514 za pai kwa kichwa? Ni Mwingereza Daniel Tammet, mwenye usonji. Ilikuwa Oxford, Machi 14, 2004, na kazi hiyo ilimchukua saa 5 na dakika 9. Hebu wewe jaribu namba za simu za ndugu zako watano tu!

Sasa sogea karibu, maana utamu uko hapa. Kwa Tammet kila namba ina sura yake. Moja ni mwanga mweupe mkali, tano ni ngurumo ya radi, 333 inapendeza, 289 inachukiza kuitazama! Akizidisha namba mbili, huona maumbo mawili yakikaa kando kwa kando, na katikati yao linazuka umbo la tatu. Hilo ndilo jibu. Hakuhesabu, ameliona! Hata siku zina rangi: alizaliwa Jumatano, na Jumatano kwake ni ya buluu.

Unadhani yuko peke yake? Utafiti wa Cambridge wa mwaka 2013 ulikuta hisi za namna hiyo, zinazoingiliana, kwa asilimia 18.9 ya watu wazima wenye usonji. Kwa wasio na usonji ilikuwa asilimia 7.2 tu.

Na Stephen Wiltshire wa London, naye mwenye usonji, je? Mwaka 2005 alizungushwa kwa helikopta juu ya Tokyo, akashuka, akauchora mji ule kwa kumbukumbu kwenye turubai la mita 10. Siku 7, kazi imekwisha!

Mmarekani Temple Grandin, mwenye usonji pia, hufikiri kwa picha. Akiwa kijana aliona ng'ombe wakitulia wanapobanwa kwenye kibanio cha chanjo, naye akajitengenezea mashine ya kumkumbatia. Ikamtuliza kweli!

Usije ukamtaka kila mwenye usonji achore Tokyo, ndugu yangu. Wengi hawana vipaji vya namna hiyo, na hawadaiwi. Na wenye usonji si wachache: Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 127.

Wengi wao sauti huwafikia kwa ukali zaidi kuliko unavyoisikia wewe. Basi ukimwona mtoto ameziba masikio ndani ya daladala, usimkodolee macho mama yake. Mwombe kondakta apunguze muziki.