KINDU NA KINSHASA: SAA NGAPI NDANI YA NDEGE?



Ndege inaondoka Kinshasa 8 h, inafika Kindu 11 h. Kwa kurudi inaondoka Kindu 12 h, inafika Kinshasa 13 h. Kwenda saa tatu, kurudi saa moja! Ndege ni ile ile, mbio ni ile ile. Sasa hesabu iko wapi?

Tushike karata kwanza. Kindu iko karibu digri 26 za mashariki, na kiwanja cha N'djili karibu digri 15 na nusu. Tofauti ni digri 10 na nusu. Kuzunguka dunia ni kilometa karibu 40,000. Tukizikata kwa digri 360, kila digri inapata 111. Kwetu tuko karibu na ekwateri, kwa hiyo kipimo hiki kinafaa. 10.5 × 111 ni 1,165. Tena Kindu iko kidogo upande wa kaskazini, basi tuseme kilometa 1,175.

Hizo ni kilometa za mustari ulionyoka. Muto haunyooki vile. Stanley na watu wake waliondoka hapa Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876, wakafwata Lualaba inayopanda kaskazini mpaka kuvuka ekwateri, ndipo inageuka mangaribi. Walifika Boma tarehe 9 Agosti 1877. Miezi tisa! Na kwa mustari, Nyangwe na Boma hazipitishi kilometa 1,500.

Ndege ya jeti inakimbia karibu kilometa 800 kwa saa. Kilometa 1,175 ni saa moja na nusu. Ongeza kupanda, kushuka na kutembea kiwanjani: karibu saa mbili.

Saa ile ingine inatoka wapi? Inatoka kwa jua. Jua linapita digri 15 kwa saa moja, na linatufikia sisi mbele ya Kinshasa. Kwa sababu hiyo inchi yetu iko na saa mbili: Kinshasa ikiwa 10 h, Maniema ni 11 h. Kwenda, unaongeza saa moja, kurudi, unaitosha. Saa tatu na saa moja ni nne; kata mara mbili, unapata mbili. Ndiyo safari yenyewe.

Jambo hili si muchezo. Jamaa inaweza kuuza mupunga wa mavuno yote kwa kupata tikiti moja. Mutu akikaa Kindu na saa ya Kinshasa mukononi, anasoma 11 h, anakunywa chai pole pole, kumbe ni 12 h na ndege imekwisha kuruka. Kila saa ya tikiti ni saa ya pale pale ndege iliko. Ukishuka tu, geuza saa yako.

Zoezi: Lubumbashi inafwata saa yetu. Ndege inaondoka N'djili 9 h, inafika Lubumbashi 12 h 20. Ilikawia njiani saa ngapi? (Jibu: saa 2 na dakika 20.)