Kutotegemea na Kutotegemeana: Istilahi za Aksioma ya Uteuzi

Mwaka 1904 Ernst Zermelo alitoa kauli kwamba pakiwa na mkusanyo wowote wa seti zisizo tupu, hata mkusanyo usio na kikomo, yawezekana kuteua kitu kimoja katika kila seti. Kauli hii hukubaliwa bila ithibati, ndiyo maana huitwa aksioma. Twapendelea “Aksioma ya Uteuzi” kuliko “ya Uchaguzi”, kwani hapa Makole, Dodoma, neno uchaguzi humpeleka msikilizaji kwenye sanduku la kura. (Mtumishi wa serikali naye atakumbuka mamlaka ya uteuzi, na avumilie.)

Bertrand Russell aliifafanua kwa viatu na soksi. Sisi tuchukue ndala na doti za khanga. Jozi za ndala zikiwa hazina mwisho, kanuni moja yatosha: twaa ya kushoto. Lakini vipande viwili vya doti, vikishakatwa, havitofautiani. Kanuni hakuna, na hapo ndipo aksioma huhitajika.

Aksioma inayohusu jozi peke yake huitwa hafifu, yaani yenye kudai machache, wala si mbovu. Ziko pia za seti za vitu vitatu, za vinne, na kuendelea.

Mwaka 1963 Paul Cohen, akikamilisha kazi ya Kurt Gödel ya 1938, alionyesha kwamba aksioma kuu haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa aksioma nyingine za kawaida za seti, iwapo hizo hazina ukinzani. Hali hiyo tuiiteje? “Uhuru” limebeba mwaka 1961. “Kujitegemea” limebeba Azimio la Arusha la 1967. Twapendekeza “kutotegemea”, hasa kwa sababu ya kiambishi -an-.

Aksioma ya jozi hutokana na aksioma kuu, ila kuu haitokani na ya jozi. Basi tuandike: “aksioma kuu haitegemei ya jozi.” Mfasiri akiandika “hazitegemeani”, ameandika uongo wa kihisabati kwa Kiswahili safi kabisa. Lakini aksioma ya seti za viwili na ile ya vitatu, hakuna inayotokana na mwenzake. Hizo ndizo zisizotegemeana.

Ya viwili na ya vinne ni jambo jingine. Alfred Tarski alithibitisha kwamba ya viwili huleta ya vinne, na ya vinne huleta ya viwili kwa urahisi. Hapo tuandike “zinalingana nguvu”.