Kamati ya Ardhi Haigawi Shamba

Mwaka juzi mzee mmoja wa kigango chetu alifika ofisini mwa parokia, akafungua leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alitaka niigonge muhuri wa parokia ili ipate nguvu. Nikaisoma. Ilisema kwamba kamati ya ardhi ya kijiji imempa ekari mbili kando ya mto, na chini walitia sahihi wajumbe watatu. Muhuri sikugonga, maana muhuri wa parokia si wa mashamba. Lakini nilihuzunika, kwa kuwa mzee alikwisha kuwalipa shilingi elfu thelathini za kupimia, akafyeka, akapanda, na mahindi yalikuwa yamefika magotini.

Karatasi ile isingekuwa na nguvu hata ingegongwa mihuri kumi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, yasema katika kifungu cha 8 kwamba halmashauri ya kijiji yaweza kuunda kamati ya kuishauri juu ya usimamizi wa ardhi, ila kamati hiyo haina uwezo wa kukata shauri lolote. Na halmashauri yenyewe haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali. Ninyi mlio wajumbe wa kamati hizo, mwombeni Mtendaji awasomee kifungu hicho kabla hamjashika kamba ya kupimia.

Sisi Wakatoliki jambo hili si geni kwetu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 536, zasema kwamba halmashauri ya kichungaji ya parokia hutoa ushauri tu. Hakuna mjumbe anayejiona amedharauliwa kwa hilo, au labda wawili watatu. Tofauti ni kwamba kijijini mwenye neno la mwisho si mtu mmoja. Ni mkutano mkuu, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuzidi, mume na mke, mwenye ng'ombe na asiye na kuku.

Mbona sheria ikawekwa hivyo? Katika miaka ya 1991 na 1992 Tume ya Rais ya mambo ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchini ikasikia vilio vingi vya wanavijiji juu ya ardhi zao. Sheria ya 1999 ikaagiza halmashauri iitunze ardhi kama mdhamini atunzavyo mali ya mwingine. Katika kila mkutano mkuu wa kawaida, ambao hufanyika kila miezi mitatu, yapasa ieleze habari za ardhi na kusikiliza maoni ya watu. Hata Rais akitaka kuhamisha sehemu ya ardhi ya kijiji isiyofika hekta 250 kwa manufaa ya umma, mkutano mkuu ndio hukubali au kukataa.

Basi mjumbe afanyeje? Nendeni mkalione shamba mchana, majirani wote wa mpakani wakiwapo. Kikao kitangazwe mapema, na shauri lenu liandikwe, lisomwe mbele ya watu pamoja na sababu zake. Mwombaji akiwa shemeji yako, sema, kisha utoke nje wenzako wazungumze. Tena msiitishe kikao saa ambayo akina mama wapo kisimani, halafu mkasema wanawake hawapendi mikutano.

Jambo hili la mwisho nalisema kwa sababu ya mzee wangu. Ombi lake lilipofika mwishowe katika mkutano mkuu, mama mmoja alisimama akasema, "Pale ndipo ng'ombe hushukia majini. Mkipafunga, watapita katika kisima chetu." Akina mama wote walilijua hilo. Kamati haikulijua, kwani ilikaa usiku nyumbani kwa mjumbe mmoja, wanaume watupu. Mkutano ukakataa. Mzee aliruhusiwa kuvuna mahindi yake, kisha aondoke. Zile elfu thelathini mpaka leo amerudishiwa kumi tu.

Mwaka huu ameomba tena, mahali pengine, upande wa mlimani. Safari hii kamati ilikaa mchana chini ya mwembe wa shule, na yule mama wa kisima alikuwapo. Nilimwuliza mzee kama amekwisha kupewa karatasi. Akacheka, akasema hataki karatasi yoyote mpaka mkutano mkuu ukae, na jembe lake bado li darini.