Mezani pa Karani: Jinsi Kura ya Mmarekani Mweusi Ilivyozuiwa na Ilivyokombolewa

Tarehe 31 Agosti 1962, Fannie Lou Hamer alipanda basi pamoja na wenzake 17 kutoka Ruleville, jimboni Mississippi, wakaenda mji wa Indianola kujiandikisha kupiga kura. Alikuwa na umri wa miaka 44, na kwa miaka 18 alikuwa amefanya kazi katika shamba moja la pamba. Karani hakumwambia kwamba watu weusi hawaruhusiwi. Alimpa kifungu cha katiba ya jimbo akinakili, kisha aeleze maana yake kwa maandishi. Kunakili alinakili, kueleza kukamshinda. Akahesabiwa amefeli. Jioni hiyohiyo mwenye shamba alimpa hiari: afute ombi lake au aondoke. Akaondoka.

Habari za kupigania haki za raia Marekani tumezoea kuzisikia kupitia mbwa wa polisi, mabomba ya maji na hotuba ya Martin Luther King jijini Washington mwaka 1963. Hayo yote yalitokea. Lakini kazi kubwa ya kuwanyima watu weusi kura ilifanywa kwa upole wa ofisini, kwa fomu, risiti na saa za kazi. Asiyeielewa kazi hiyo hawezi kuelewa kwa nini sheria ya kura ya mwaka 1965 ilifaulu pale ambapo Katiba yenyewe ilikuwa imeshindwa.

Katiba haikuwa kimya. Marekebisho ya 15, yaliyopitishwa mwaka 1870, yalikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Wanaume weusi wa Kusini walipiga kura kwa wingi, na mwaka huohuo Mississippi ikampeleka Hiram Revels kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza katika Seneti. Ila ulinzi wa haki hiyo ulitegemea askari wa serikali kuu, na mwaka 1877 askari hao waliacha kuzilinda serikali za majimbo ya Kusini.

Wanasiasa weupe wa majimbo hayo wakakabiliwa na kitendawili: watawaondoaje watu weusi katika daftari la wapiga kura bila kutaja rangi? Mississippi ikatoa jibu katika katiba yake ya mwaka 1890. Mpiga kura atalipa kodi ya dola mbili kwa mwaka, na ataweza kusoma kifungu cha katiba au kukieleza vizuri akisomewa. Atakayeamua kama maelezo ni mazuri ni karani. Mweupe asiyejua kusoma aliweza kupewa sentensi nyepesi, na mwalimu mweusi akapewa fungu lililojaa lugha ya mawakili. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani iliutazama utaratibu huo ikasema hauna kosa, kwa kuwa maneno yake hayambagui mtu.

Majimbo mengine yakaiga. Louisiana iliongeza kifungu cha kumsamehe masharti mtu ambaye yeye mwenyewe, baba yake au babu yake alikuwa mpiga kura tarehe 1 Januari 1867. Watu weusi wa huko walikuwa bado hawajapata kura siku hiyo, kwa hiyo msamaha uliwaangukia weupe peke yao. Mwaka 1896 Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi zaidi ya 130,000. Kufikia mwaka 1904 walibaki 1,342. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Uongo huu wa kisheria ulitembea miongo mingi.

Waliozuiwa hawakukaa bure, na jibu lao la kwanza lilikuwa kusoma. Mwaka 1957, katika kisiwa cha Johns, South Carolina, Septima Clark na Esau Jenkins walianzisha darasa la usiku la watu wazima, likifundishwa na Bernice Robinson, aliyekuwa msusi. Clark alikuwa amefukuzwa ualimu mwaka uliotangulia kwa kukataa kujitoa katika chama cha kutetea haki, NAACP. Wanafunzi walijifunza kuandika majina yao, kujaza fomu na kusoma katiba ya jimbo. Mtindo huo ulienea Kusini kote na kuandaa viongozi wengi wa mitaa. Ila elimu ilikuwa na kikomo chake: msahihishaji wa mtihani alikuwa yuleyule asiyetaka ufaulu. Hamer mwenyewe alirudi, akafaulu Januari 1963, kisha alipotaka kupiga kura akaambiwa hana risiti mbili za kodi.

Jibu la pili lilikuwa mahakama. Mwaka 1944 wakili Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 angekwenda London kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kuhusu katiba kwenye mkutano wa Lancaster House, alishinda kesi dhidi ya kura za mchujo za weupe pekee za chama cha Democratic huko Texas. Ulikuwa ushindi mzito, kwani Kusini chama hicho ndicho kilichotawala, na aliyeshinda mchujo alikuwa ameshinda uchaguzi. Lakini kesi ina mwendo wake. Mwaka 1961 serikali kuu iliishtaki ofisi ya uandikishaji ya wilaya ya Dallas, Alabama, yenye makao yake Selma. Baada ya miaka minne ya kesi, wapiga kura weusi waliongezeka kutoka 156 hadi 383, ilhali waliofikia umri wa kupiga kura walikuwa kama 15,000. Kila hila ilipopigwa marufuku, ofisi ilibuni nyingine, na raia akaanza upya.

Ndiyo maana Selma ikachaguliwa kuwa mahali pa maandamano. Tarehe 7 Machi 1965 watu wapatao 600 walivuka daraja la Edmund Pettus wakiongozwa na John Lewis na Hosea Williams, na polisi wakawashambulia kwa virungu na gesi ya machozi mbele ya kamera za televisheni. Siku nane baadaye Rais Lyndon Johnson alisimama mbele ya Bunge kudai sheria mpya. Akaitia saini tarehe 6 Agosti.

Nguvu ya sheria hiyo ilikuwa katika kuhamisha mzigo wa kuthibitisha. Mitihani ya kusoma ilisimamishwa katika majimbo na wilaya zilizokuwa zikiitumia na ambako chini ya nusu ya watu wazima walikuwa wamejiandikisha au kupiga kura mwaka 1964. Serikali kuu ilipewa mamlaka ya kupeleka maofisa wake kuandikisha watu, na karani wa wilaya akapitwa pembeni. Zaidi ya hayo, maeneo hayo yalikatazwa kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi, hata kuhamisha kituo cha kura, mpaka yapate kwanza idhini ya Wizara ya Sheria au mahakama ya Washington. Zamani raia ndiye aliyethibitisha kwamba amebaguliwa. Sasa jimbo ndilo lililothibitisha kwamba halibagui. Mwaka 1964 watu weusi walioandikishwa Mississippi hawakufika asilimia 7. Kufikia mwaka 1967 walikuwa karibu asilimia 60.

Tarehe 25 Juni 2013, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu ilifuta kigezo kilichoamua ni maeneo gani yaombe idhini. Jaji Mkuu John Roberts alisema kigezo hicho kimepitwa na wakati. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, akaifananisha hatua hiyo na kutupa mwavuli katikati ya mvua kwa kuwa hulowi. Siku hiyohiyo Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria ya vitambulisho ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imenyimwa idhini.

Kwa hukumu hiyo mzigo ulirudi kwa raia. Bado anaweza kushtaki, lakini kesi huchukua miaka na uchaguzi hausubiri. Mgombea aliyefaidika na kanuni mbaya huwa ameshaapishwa wakati hukumu inasomwa. Kwa hiyo unapoisoma sheria inayotangaza haki, Marekani au kwingineko, usiishie kwenye tangazo. Tafuta kifungu kinachosema nani ataandikisha, nani atakagua, na mkivutana, nani atakayetakiwa kuleta ushahidi.