Mafunzo ya Usalama katika Viwanda vya Kukoboa Kahawa Moshi
Kahawa ya maganda inayokaushwa na wakulima wa Kilema hukobolewa katika viwanda vya Moshi mjini. Humo, hatari haitokani na mashine pekee, bali pia na vumbi linalotimka wakati wa kumimina magunia, kukoboa na kufagia. Jeraha la mashine huonekana papo hapo. Vumbi huathiri mapafu polepole, hata mfanyakazi akalizoea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa maelekezo na mafunzo. Ili yafae, mafunzo hayo hayana budi kutolewa penye kazi yenyewe, kurudiwa kila msimu kwa kuwa vibarua hubadilika, na kuambatana na mitambo ya kufyonza vumbi. Barakoa iwe kinga ya mwisho, si ya kwanza.