Ukaguzi wa Aina na Usalama wa Programu za Tovuti

Mwanafunzi wa fizikia akijumlisha mita 5 na sekunde 3, hapana haja ya kungoja jibu lake ili kujua kwamba amekosea. Kosa limo katika aina ya vitu anavyovijumlisha. Lugha kadhaa za kompyuta zina mkaguzi wa namna hiyo. Kabla programu haijaendeshwa, kila thamani hupewa aina yake, na aina zisipopatana programu hukataliwa.

Ukaguzi huo waweza pia kufichua hatari. Katika tovuti ya maktaba, kwa mfano, msomaji huandika neno alitafutalo, na programu hulipachika neno hilo kati ya ritifaa mbili ndani ya amri iendayo kwenye hifadhidata. Msomaji mwema akiandika "ng'ombe", hifadhidata huidhania ritifaa ya neno hilo kuwa ndiyo ya kufungia, na amri huharibika. Mwovu huandika ritifaa makusudi, kisha huongeza amri yake mwenyewe, hata akasoma anwani za wasomaji wote. Hila hii ilielezwa hadharani tangu mwaka 1998.

Dawa mojawapo ni kuyagawa maneno katika aina mbili, chafu na safi. Lolote litokalo kwa mgeni ni chafu. Aliloandika mtunga programu ni safi. Mawili hayo yakiunganishwa, lizaliwalo ni chafu. Mlango wa hifadhidata haupokei ila safi. Mkaguzi hufuata kila njia katika maandishi ya programu, na neno chafu likifika mlangoni bila kupita kwenye kichujio, huutaja mstari wenye kosa. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan walieleza jinsi walivyokagua hivyo programu 230 za tovuti zilizo wazi kwa umma: 69 zilikutwa na kasoro.

Hata hivyo mkaguzi huyu hana hekima. Huamini kila kichujio alichoambiwa kuwa ni kichujio. Tena, kichujio kifaacho kwa hifadhidata huenda kisifae neno lilelile linapochapwa katika ukurasa, ambako alama ya kuogopwa hasa ni <. Kwa hiyo aina mbili hazitoshi, na kila mlango wahitaji usafi wake. Aidha hupiga kelele pasipo hatari: neno lililoachwa bila kusafishwa katika njia isiyopitika kamwe, bado hulihesabu kuwa chafu. Watunga programu huudhika, na wengine humzima kabisa, jambo ambalo ni kosa kubwa zaidi.

Kwa upande wa hifadhidata ipo njia iliyo nyepesi kuliko kuchuja, nayo ni kupeleka amri peke yake na neno la msomaji peke yake. Hapo ng'ombe hubaki ng'ombe, na ritifaa yake haifungi kitu.