Mabadiliko ya Ubongo katika Picha za Wagonjwa wa Lupasi: Tafsiri na Athari Zake kwa Tiba

Lupasi ni maradhi ambayo kinga hushambulia viungo vya mwili wenyewe, na huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Yanapofika kwenye ubongo, dalili hutofautiana mno: degedege, kiharusi, kupungua kwa kumbukumbu, hata saikosisi. Mwaka 1999, Chuo cha Rumatolojia cha Marekani kiliorodhesha hali 19 za neva na akili zihusianazo na lupasi. Kati ya hizo, 12 ni za mfumo mkuu wa fahamu. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha kuzithibitisha.

Kipimo kinachopendelewa ni MRI. Aghalabu huonyesha madoa madogo yanayong'aa katika sehemu nyeupe ya ubongo, hasa mbele na utosini. Huweza pia kuonyesha maeneo yaliyokufa kwa kukosa damu na kusinyaa kwa ubongo. Kipimo cha CT hubainisha upesi damu iliyovuja na kiharusi kikubwa, lakini madoa madogo hukipita.

Ugumu umo katika tafsiri. Madoa kama hayo huonekana pia kwa wazee na kwa wenye shinikizo la damu. Kusinyaa kwa ubongo huhusishwa vilevile na matumizi ya steroidi. Kwa upande mwingine, mgonjwa mwenye saikosisi ya lupasi anaweza kuwa na picha isiyo na kasoro. Kwa hiyo, doa halithibitishi ugonjwa, wala picha safi haiukanushi.

Kosa la tafsiri lina gharama. Kiharusi kitokanacho na kingamwili dhidi ya fosfolipidi huhitaji dawa za kuzuia damu kuganda, ilhali uvimbe uletwao na mashambulizi ya kinga huhitaji dawa za kuishusha kinga hiyo. Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu, malaria na VVU vingalipo, kumshusha kinga mgonjwa ambaye kwa hakika ana kifua kikuu cha utando wa ubongo kwaweza kumwua.

Ndiyo maana picha haina budi kusomwa sambamba na historia ya mgonjwa, majimaji ya uti wa mgongo na vipimo vya kingamwili. Kisera, ununuzi wa mashine ya MRI usiotanguliwa wala kufuatwa na maabara imara na wasomaji wa picha waliofunzwa utazalisha picha nyingi, lakini si uamuzi bora wa tiba.